Kuzuia Maji ya Ardhini Yasiingie Katika Ukuta wa Nyumba ya Mlimani

Leo hatutazungumza juu ya mbegu wala mbolea. Tutazungumza juu ya ukuta. Usishangae. Mahindi uliyoyalima, ukayapalilia, ukayavuna na kuyabeba mpaka nyumbani yanaweza kuharibika ndani ya majuma machache kwa sababu ya ukuta mmoja tu, ule wa nyuma ulioegemea mlima.

Wakulima wa sehemu za milima wanaelewa mambo haya. Lushoto, Moshi, Same, Mgeta, Tukuyu, Mbinga, kote huko kiwanja kilicho sawa hakipatikani hivi hivi. Mtu huchukua sururu na beleshi, akachonga mlima, udongo akautupa upande wa chini, akapata mahali pa kujenga. Ukuta wa mbele unatazama bonde, uko hewani. Ukuta wa nyuma umekaribiana na ukingo uliochongwa, na mara nyingi ule uwazi uliobaki katikati hujazwa udongo ili ipatikane njia ya kupita au mahali pa kuanikia. Basi ukuta ule sasa umezikwa nusu. Chumba cha upande ule huwa na ubaridi na giza, na kwa sababu hiyo hiyo ndicho kinachofanywa ghala. Hapo ndipo taabu inapoanza.

Kukaa ndani ya mlima si jambo geni kwetu. Wairaqw wa Mbulu zamani walichimba nyumba zao katika mteremko, paa la udongo likalingana na mlima, ili wateka ng'ombe wasizione kwa urahisi. Wachagga nao walichimba mapango marefu ya kujifichia wakati wa vita. Lakini wewe hujifichi na mtu. Wewe unataka chumba kikavu, na ukuta wako ni wa matofali, na tofali hunywa maji.

Maji yanatoka wapi?

Kabla ya kumwita fundi, jua kwanza maji yako yanatoka wapi, maana yapo ya namna mbalimbali na kila namna ina dawa yake.

Yapo maji ya mvua yanayoanguka karibu na ukuta, yaani yale yanayotiririka kutoka kwenye paa na yale yanayoteremka juu ya ardhi kutoka mlimani. Haya huonekana upesi. Mvua ikinyesha asubuhi, jioni ukuta umelowa. Mvua ikikatika siku tatu au nne, ukuta unaanza kukauka.

Yapo maji ya ardhini hasa. Mvua ya masika huzama katika udongo huko juu, ikashuka mpaka ikakuta tabaka gumu, mwamba au udongo mzito wa mfinyanzi, ambalo haiwezi kulipenya kwa urahisi. Hapo maji hutambaa juu ya tabaka lile yakifuata mteremko, mpaka yakute kitu kilichokatiza njia yao. Kitu hicho ni nyumba yako. Maji haya huchelewa kufika na huchelewa kuondoka. Mvua zinaweza kukatika mwezi wa tano, na ukuta ukaendelea kutoa maji mwezi wa sita.

Upo pia unyevu unaopanda. Tazama utambi wa koroboi: mafuta yako chini lakini moto unawaka juu, kwa sababu utambi unayavuta mafuta. Tofali nalo ni utambi. Likikaa juu ya udongo uliolowa, huvuta maji polepole kutoka chini kwenda juu. Unyevu wa namna hii huacha alama kama mstari unaopita ukutani, mara nyingi usiofika mita moja kutoka sakafuni, na ukikauka huacha unga mweupe wa chumvi.

Halafu lipo jasho, nalo huwadanganya wengi. Watu wakilala katika chumba kilichofungwa, au chungu kikichemka, mvuke hugeuka kuwa maji juu ya ukuta wa baridi. Kipimo chake ni rahisi. Futa sehemu ya ukuta ikauke, chukua kipande cha nailoni ukubwa wa sahani, kibandike kingo zote kwa utepe wa gundi, kisha kiache siku mbili. Ukikuta matone nyuma ya nailoni, upande wa ukuta, maji yanatoka ukutani. Ukiyakuta mbele, upande wa chumbani, hilo ni jasho. Toboa dirisha, usichimbe mtaro.

Na ndugu zetu wa Kilimanjaro wasisahau mfongo. Mfongo unaopita juu ya nyumba ukivuja, ukuta utalia hata katikati ya kiangazi. Kama ukuta wako unalowa siku za zamu ya maji na kukauka siku nyingine, nenda kwanza ukaone mfongo ulipotoboka. Vivyo hivyo choo cha shimo au shimo la samadi lililo upande wa juu. Maji yaliyopita chooni kisha yakatokea katika chumba cha chakula yanaleta maradhi, hayo si ya kungojea masika mengine. Choo kiwe upande wa chini wa nyumba.

Kwa nini lipu ya ndani haisaidii

Mtu akiona ukuta unalia, jambo la kwanza analofanya ni kununua mfuko wa saruji na kumwita fundi apige lipu upande wa ndani. Ukuta unapendeza, wageni wanausifu. Masika yanayofuata lipu inavimba, inapasuka na kubanduka vipande vipande kama magome ya mti. Fedha imekwenda.

Sababu ni kwamba maji yaliyosimama nyuma ya ukuta husukuma. Yakisimama kina cha mita moja, kila mita moja ya urefu wa ukuta husukumwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 500, yaani mifuko 10 ya saruji. Ukuta wa mita 6 unasukumwa kwa nguvu ya mifuko 60, tani 3 nzima. Kina kikiwa mita 2, nguvu haizidi mara mbili bali mara nne. Na la kushangaza zaidi, haijalishi kama maji ni mengi au ni kidogo. Uwazi wa upana wa kidole uliojaa maji kina cha mita moja husukuma ukuta sawasawa na bwawa zima lenye kina kile kile. Kwa hiyo usiseme, "Aa, pale nyuma pana nafasi ndogo tu."

Sasa lipu ya ndani imejishikiza kwenye ukuta kwa mgongo wake, na maji yanaisukuma kutoka mgongoni. Itabanduka, hata fundi awe hodari namna gani. Na kama ukuta ni wa matofali mabichi, lipu ya saruji ni hatari kabisa. Maji yanaingia kwa nyuma, hayapati pa kutokea kwa mbele, na tofali linarudi kuwa tope ndani ya ganda la saruji. Ukuta ule huonekana mzima mpaka usiku unapoanguka juu ya watu waliolala.

Maji basi hayafungiwi mlango. Maji huonyeshwa njia nyingine kabla hayajafika ukutani. Karibu kazi yote nitakayoieleza ni ya nje ya nyumba, na sehemu yake kubwa inataka jembe na nguvu kuliko fedha.

Kazi za kuanzia

Anza na paa. Chukua nyumba yenye paa la mita 8 kwa mita 6. Mvua ya milimita 50, ambayo si ajabu siku ya masika makubwa, huangusha juu ya paa hilo lita 2,400 za maji, yaani madebe 120. Nusu yake, madebe 60, humwagika upande wa nyuma, kwenye mguu wa ukuta ule ule unaoulalamikia. Kama jirani angekuja na madebe 60 akayamwaga pale, mngefikishana kwa mwenyekiti wa kitongoji! Weka mfereji wa bati chini ya ukingo wa paa upande wa nyuma, uuinamishe kidogo kuelekea pembeni, na maji yaingie pipani au yapelekwe mbali na nyumba. Ukikosa bati, mwanzi mkubwa uliopasuliwa katikati na kutolewa vifundo hufanya kazi hiyo kwa miaka michache. Yako makao ambayo taabu yao huishia hapa, wasihitaji kuchimba chochote.

Kisha tengeneza ardhi iliyogusa ukuta. Iwe inainama kutoka ukutani kwenda nje: kushuka sentimita 15 katika mita 3 za kwanza. Nyuma ya nyumba ya mlimani huenda usipate mita 3. Pata basi mita moja na nusu, uinamishe udongo kutoka ukutani, na hapo unapokutana na mguu wa mlima uchonge mfereji mdogo unaotoa maji pembeni mwa nyumba. Tumia udongo wa mfinyanzi, ushindiliwe barabara. Na mahali hapo pasiwe bustani ya mchicha, pasiwe migomba, wala pasimwagwe maji ya kuoshea vyombo.

Kazi ya tatu ni makinga maji. Hii mkulima wa mlimani anaijua shambani, lakini juu ya nyumba kuna tofauti moja kubwa. Tuta la shambani la fanya juu hufuata kontua sawasawa ili maji yasimame na kuzama, mimea ipate kunywa. Juu ya nyumba hutaki hata kidogo maji yasimame na kuzama, maana yakizama pale yatatokea chumbani, au yatalainisha mlima mpaka uporomoke. Kwa hiyo makinga maji ya nyumba yawe na mteremko: nusu sentimita mpaka sentimita moja kwa kila mita. Ukizidisha, maji yatakimbia na kuuchimba mfereji uwe korongo. Pima kwa ile fremu ya miti yenye umbo la A unayopimia kontua. Udongo unaouchimba utupe upande wa chini, uwe tuta la kuzuia. Na kabla ya kuanza, kubaliana na jirani maji yatashukia wapi. Maji uliyoyaondoa kwako yasije yakawa kesi ya mwenzako.

Mtaro wa kokoto

Kama umefanya hayo yote na ukuta bado unatoa maji muda mrefu baada ya mvua kukatika, hayo ni maji ya ardhini, nayo yanahitaji mtaro wa kokoto nyuma ya ukuta.

Nchi za wenzetu huuita mtaro huu "mtaro wa French", na wengi hudhani ulitoka Ufaransa. Sivyo. French ni jina la mtu, Henry Flagg French, mwanasheria na mkulima wa Marekani aliyetoa kitabu juu ya kuondoa maji mashambani mwaka 1859. Wakulima walikuwa wakijaza mawe mitaroni tangu kabla yake. Yeye aliieleza kazi yenyewe vizuri, na jina likamganda. Nakueleza haya ili usiogope kwamba huu ni utaalamu wa majumba ya mjini. Ni kazi ya shamba iliyohamia nyumbani.

Swali la kwanza si utachimba wapi. Swali ni maji yatatokea wapi. Mtaro usio na mahali pa kutolea maji ni bwawa ulilolichimba mwenyewe kando ya ukuta, na tumekwisha kuona bwawa linasukuma namna gani. Mkulima wa mlimani ana bahati hapa, kwa sababu pembeni mwa nyumba ardhi inateremka. Tafuta mahali palipo chini kuliko kitako cha mtaro wako, maji yaweze kutoka yenyewe na wewe uyaone. Aliye kwenye tambarare isiyo na mteremko wowote, shauri langu ni kwamba asichimbe chumba cha chini wala asizike ukuta. Ajenge juu ya ardhi.

Kina cha mtaro kipite uso wa sakafu ya ndani kwa sentimita 15. Lakini usichimbe hata kidogo chini ya kitako cha msingi, maana msingi ukikosa udongo wa kukalia, ukuta utashuka. Kwa hiyo fukua kwanza kishimo kimoja kando ya ukuta uone msingi umeishia wapi. Kama msingi ni mfupi na hukufikia kina kile, sogeza mtaro mbali na ukuta, mita moja au zaidi. Upana wa sentimita 40 unatosha. Kitako kiteremke kuelekea penye kutolea maji, sentimita moja kwa kila mita au zaidi. Hapa usitumie macho, macho ya mlimani hudanganya. Tumia mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uujaze maji bila mapovu ya hewa; maji ya ncha mbili husimama usawa mmoja daima, na kutoka hapo unapima kwa futi kamba.

Fanya kazi hii wakati wa kiangazi, na anzia upande wa kutolea maji ukipanda kwenda juu. Hivyo maji yatakayojitokeza wakati wa kuchimba yatapata njia, hutasimama katika tope. Chimba mita mbili au tatu, zijaze kokoto, ndipo uendelee. Usiuache ukuta wote wazi kwa mara moja.

Sasa sikiliza kwa makini. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito unaozidi tani moja na nusu. Mtaro ukifika kina cha kiuno, usiinamie ndani yake wala usimwingize kijana kabla ya kulaza kingo zake au kuweka mbao na magogo ya kuzibana pande zote mbili. Usilundike udongo kwenye mdomo wa mtaro. Usichimbe peke yako. Watoto wakae mbali. Watu hufa katika mitaro isiyofika urefu wao, kwa sababu udongo ukiporomoka hautoi onyo, na aliyefunikwa mpaka kifuani hawezi kuvuta pumzi.

Kujaza nako kuna utaratibu wake. Kokoto peke yake haikai miaka mingi, kwa sababu udongo laini huingia katikati ya mawe na kuziba. Inatakiwa kitu cha kuchuja. Katika maduka ya vifaa vya ujenzi ya mijini kinauzwa kitambaa maalumu cha kuchujia. Tandika mtaroni kikiwa kipana cha kutosha kukunjwa juu. Ukikosa, weka mchanga wa mtoni wa punje kubwa baina ya udongo na kokoto, unene wa kiganja. Usitumie majani ya migomba wala magunia ya mkonge, yataoza na yakioza yataziba.

Chini kabisa laza bomba la plastiki la inchi 4 lililotobolewa matundu. Matundu yatazame chini, si juu. Najua fundi atabisha. Mwambie hivi: maji ya ardhini huja yakipanda kutoka kitakoni mwa mtaro, na matundu yakitazama chini maji huingia mapema, kabla hayajapanda kufikia usawa wa sakafu. Kama bomba ni ghali, panga mawe: safu mbili za mawe kando kando na mawe bapa juu yake, upate kijia cha maji katikati. Mitaro ya mawe ya namna hii ilikuwako mashambani kabla ya bomba la plastiki.

Juu ya bomba jaza kokoto safi zilizooshwa, za ukubwa wa sentimita 2 mpaka 4, mpaka zibaki sentimita 30 kufika juu. Kunja kitambaa au weka mchanga. Sentimita 30 za mwisho jaza udongo wa mfinyanzi, ushindilie kwa kinu cha mti. Wengine huacha kokoto mpaka juu kwa sababu zinapendeza. Hilo si sawa, maana maji ya paa na ya mteremko yataingia humo na kukuongezea kazi, wakati mtaro huu ni wa maji ya ardhini peke yake.

Mdomo wa bomba ufunge wavu wa waya, vinginevyo panya na vyura watahamia. Chini yake panga mawe, maji yasichimbe. Kisha yaelekeze kwenye migomba, nayo itakushukuru.

Ukuta wenyewe

Ukiwa umefukua, tumia nafasi hiyo. Kama ukuta ni wa mawe, wa matofali ya kuchoma au wa saruji, usugue upande wa nje, uache ukauke, upige lipu ya sehemu moja ya saruji kwa sehemu tatu za mchanga, halafu upake lami mara mbili, koti la pili baada ya la kwanza kukauka. Juu ya lami weka nailoni nzito, ile inayoitwa geji 1000, ndipo urudishe kokoto kwa uangalifu isitoboke. Lipu ya nje maji huikandamiza kwenye ukuta badala ya kuibandua.

Ukuta wa matofali mabichi hauna dawa ya lami. Hautakiwi kugusa udongo wa mlima hata kidogo. Ondoa udongo wote ulioegemea, upate njia wazi yenye upana wa mita moja au zaidi. Ukingo wa mlima uulaze, au uuzuie kwa ukuta wa mawe ulioacha matundu ya kutolea maji kila baada ya mita moja na nusu, na nyuma ya mawe hayo ujaze kokoto.

Wewe ambaye hujajenga bado, una nafasi nzuri kuliko wote. Chonga mlima zaidi kidogo, acha mita moja na nusu kati ya ukingo na ukuta, na mfereji upite hapo. Msingi wa mawe uinue sentimita 45 juu ya ardhi, na juu ya msingi, kabla ya tofali la kwanza, tandika nailoni nzito au tabaka la lami. Hiyo ndiyo kinga dhidi ya ule unyevu unaopanda kama mafuta ya koroboi. Kwa nyumba nzima gharama yake ni ndogo, na nyumba ikishasimama kazi hiyo haifanyiki tena kwa urahisi.

Lakini ukiona ukuta umefura kuelekea ndani, au milango imeanza kugoma kufunga, au juu ya nyumba kuna nyufa mpya ardhini zilizopinda kama mwezi, jambo hilo si unyevu tena. Mlima unasogea. Hamisha watu kwanza, hasa usiku wa mvua, kisha mwite mhandisi wa wilaya.

Na mahindi je?

Baada ya mtaro kuanza kufanya kazi, ukuta haukauki siku ile ile. Mafundi hukadiria mwezi mmoja kwa kila inchi ya unene. Ukuta wa tofali wa inchi 9 utataka miezi tisa. Katika muda huo usipige lipu ndani na usiegemeze gunia.

Hata ukuta ukikauka, magunia yakae juu ya chaga iliyoinuka sentimita 15 au zaidi kutoka sakafuni, na yawe nusu mita kutoka ukutani, uweze kupita na kuyakagua. Mahindi huvuta unyevu kama tofali. Gunia lililogusa ukuta uliolowa huota ukungu upande ule, na ukungu wa namna fulani hutoa sumukuvu. Mashariki mwa Kenya, mwaka 2004, watu 317 waliugua kwa mahindi yenye sumu hiyo, na 125 wakafa. Wachunguzi walikuta kwamba waliohifadhi mahindi yakiwa na unyevu, na walioyaweka ndani ya nyumba badala ya ghala la nje, waliugua zaidi. Kwetu Tanzania sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Kuchemsha ugali hakuiondoi sumu hii. Mahindi yaliyoota ukungu usimpe mtu, usimpe kuku, wala usiyapikie pombe.

Kupima ukavu wa mahindi huhitaji mashine. Chukua chupa kavu ya kioo, tia konzi ya mahindi na chumvi kavu kidogo, funga, tikisa kwa dakika kadhaa, uache robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi yana unyevu unaozidi asilimia 15, yarudi juani. Isipoganda, yanakaribia kufaa, nawe uendelee kuyaanika kidogo, kwa sababu ghalani yanatakiwa yasizidi asilimia 13 na nusu.

Mtaro nao unataka kuangaliwa mara mbili kwa mwaka, kabla ya vuli na kabla ya masika. Wakati wa kujenga, simamisha kipande cha bomba katika ncha ya juu ya mtaro, kichomoze juu ya ardhi, ukizibe kwa kifuniko. Siku ya kukagua mwaga humo madebe mawili ya maji, na mtu mwingine asimame penye mdomo wa chini. Maji yakitoka safi, mtaro ni mzima. Yakitoka ya tope, kichujio kimepasuka mahali fulani na udongo unaingia. Yasipotoka kabisa, usifukue mtaro wote: anza kwenye mdomo, mita mbili za mwisho, kwa maana mizizi ya migomba na udongo wa mvua huziba hapo kwanza.